Sanamu ya Ndege Isiyoonekana

Miongoni mwa kazi za mikono zilizoenea katika karne ya ishirini iko moja ambayo watu wa elimu wameipita pasipo kuitazama, nayo ni kazi ya kuunda sanamu ndogo za ndege kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa ndani ya kisanduku. Aghalabu huhesabiwa kuwa ni mchezo wa watoto, na ni kweli kwamba watoto wengi wa Ulaya, Marekani na Japani waliingia katika kazi hiyo kwa fedha chache za mfukoni. Walakini ndani ya mchezo huo limo jambo ambalo mwanahistoria hana ruhusa ya kulidharau. Mwundaji hupewa vipande vilivyotengenezwa na mtu mwingine kwa kufuata asili ambayo huenda mtu huyo hakuiona vizuri, au hakuiona kabisa. Huviunganisha, na akiwa mwangalifu hugundua kwamba pua ni fupi, au bawa limeinama kuliko haki yake, naye hushika msumeno na tupa akasahihisha. Akifanya hivyo huwa amepima ushahidi na kutoa hukumu, ingawa hukumu yake imeandikwa kwa plastiki wala si kwa wino. Kisa kinacholidhihirisha jambo hili kuliko vingine ni kile cha ndege ya jeti ya kivita iliyouzwa kwa sura ya sanamu katika maduka ya Marekani mwaka 1986, wakati Serikali ya nchi hiyo ilikuwa haijakiri kwamba ndege ya namna hiyo ipo duniani.

Kabla ya kukifikia kisa chenyewe, yafaa kutazama sanamu hizi zilitoka wapi na kwa nini usahihi wake ulipata kuwa jambo la kugombewa.

Mwaka 1932, huko Uingereza, zilianza kuuzwa seti za sanamu za ndege zilizoitwa Skybirds, kazi ya James Hay Stevens. Zilikuwa za mbao pamoja na vipande vidogo vya madini, na kipimo chake kilikuwa 1:72, maana yake inchi moja ya sanamu ilisimama mahali pa futi sita za ndege yenyewe. Mtu mrefu wa futi sita, akipunguzwa kwa kipimo hicho, huwa na urefu wa inchi moja, na hesabu ya namna hiyo ilikuwa nyepesi kwa watu waliozoea futi na inchi tangu utoto. Miaka minne baadaye, mwaka 1936, zilitokea sanamu za plastiki zilizoitwa Frog Penguin, kwa kipimo kile kile. Penguin ni ndege asiyeruka. Na jina hilo lilitolewa kwa mzaha, kwa kuwa bidhaa nyingine za Frog ziliruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa, na hizi zilikaa tu juu ya meza. Mzaha umesahauliwa, lakini kipimo cha 1:72 kinatumika mpaka leo.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyokigeuza kitu cha mezani kuwa chombo cha kazi. Marekani ilipoingia vitani, Jeshi lake la Majini liliomba mwaka 1942 kwamba wanafunzi wa shule wachonge sanamu nusu milioni za ndege, za rafiki na za adui, zitumike kufundishia walinzi, wapiga mizinga na marubani. Zilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa sababu ndege iliyo mbali angani haionyeshi rangi yake wala alama zake. Huonekana kama kivuli. Sanamu ya kipimo hicho ikitazamwa kutoka mita 10 huonekana kwa ukubwa ule ule wa ndege halisi iliyo mbali kwa mita 720, na askari aliyejifunza kuitambua darasani aliweza kuitambua vitani. Hapo ndipo kosa la sanamu lilipokuwa kosa la kuua. Mpiga mzinga aliyefunzwa kwa sanamu yenye mkia usio wake angeweza kumwangusha mwenzake na kumwacha adui apite salama. Kwa hiyo wanafunzi walipewa michoro na violezo vya kukatia, na kazi zao zilipimwa kabla ya kupokelewa; ile iliyopotoka ilikataliwa, hata kama mtoto aliyeichonga alikuwa amekesha juu yake.

Baada ya vita viwanda vya plastiki vilitafuta soko, vikalipata kwa watoto wa askari wale wale. Katika Uingereza kampuni ya Airfix ilitoa ndege yake ya kwanza, Spitfire, mwaka 1953. Na huko Marekani zilikuwako kampuni nyingi. Ndege za jeti zilipendwa mno, kwa maana zilikuwa ngeni na za haraka, tena zilikuwa habari ya magazeti kila juma kwa sababu ya vita vya Korea. Lakini ndege za Umoja wa Kisovieti hazikuweza kupimwa na mtu wa nje. Viwanda havikungoja. Kampuni ya Aurora, miongoni mwa nyingine, iliuza katika miaka ya 1950 ndege iliyoitwa MiG-19 ambayo haikufanana na MiG-19 yoyote iliyopata kuruka. Ilitungwa kwa kukisia, ikatiwa katika sanduku lenye picha ya kupendeza, na watoto waliinunua pasipo shaka.

Katika kalibu ndimo uzito wa kosa la namna hiyo ulimo. Kalibu hukatwa katika chuma kwa gharama kubwa, kisha plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani yake kwa nguvu, ikatoa vipande vile vile mara maelfu. Kitabu chenye kosa huweza kutolewa chapa ya pili iliyosahihishwa. Kalibu yenye kosa huendelea kulizaa kosa lake kwa miaka ishirini au thelathini, kwa kuwa mwenye kiwanda hataki kupoteza chuma chake maadamu wanunuzi wapo. Na mara nyingine hubadilisha picha ya sanduku tu, akaiita bidhaa mpya.

Kutokana na hali hiyo walizuka waundaji wasioridhika. Waligawana michoro iliyopigwa vipimo, wakaandikiana katika majarida, na katika Uingereza wakaunda chama chao mwaka 1963. Kazi yao ilikuwa ya subira kuliko ya uhodari. Mwenye kusahihisha huanza na hesabu: huchukua urefu wa ndege halisi, akaugawa kwa 72, akaulinganisha na sanamu iliyo mkononi kwa rula na bikari. Tofauti ya milimita moja katika sanamu ni milimita 72 katika ndege, karibu upana wa kiganja. Pua ikiwa fupi, mwili wa sanamu hukatwa kwa msumeno mwembamba mahali unaponyooka, bapa la plastiki likaingizwa kati, nyufa zikazibwa kwa kinamo, na kinamo kikikauka kikasuguliwa kwa msasa mpaka kidole kipite pasipo kuhisi mahali pa kiungo. Bawa lililoinama vibaya ni tabu zaidi, kwa kuwa kuligeuza bawa ni kuligeuza shina lake, na kuligeuza shina ni kuyavuruga matundu ya magurudumu, milango yake, na mstari wa tumbo lote. Mara nyingi kosa moja likisahihishwa huyafichua mengine matatu yaliyokuwa yamejificha nyuma yake.

Tena pana mahali ambapo hesabu yenyewe hushindwa. Watengenezaji huchora mifereji juu ya sanamu kuonyesha maungio ya mabati. Mfereji wa nusu milimita, ukizidishwa kwa 72, ni ufa wa milimita 36, ambao mtu angeweza kuingiza vidole viwili. Hakuna rubani mwenye akili ambaye angekubali kupanda ndege yenye nyufa hizo. Lakini mfereji ukikatwa kwa kipimo cha haki hautaonekana kwa jicho, na sanamu itakuwa kama sabuni. Hivyo hata msahihishaji mkali hulazimika kusema uongo mdogo ili macho ya mtazamaji yapate kweli. Mabishano juu ya kiasi cha uongo huo hayajaisha.

Si waundaji wa mezani peke yao waliojenga umbo lote juu ya picha chache. Mwaka 1967 Wasovieti waliionyesha hadharani ndege yao ya MiG-25, na wachunguzi wa majeshi ya Magharibi, kwa kuutazama upana wa mabawa yake na ukubwa wa matundu yake ya hewa, walidhani ni ndege nyepesi ya kupigana kwa kujipinda, iliyojengwa kwa titani. Tarehe 6 Septemba 1976 rubani Viktor Belenko aliitorosha moja akatua nayo Hakodate, Japani. Ilipofunguliwa ilionekana kwamba sehemu kubwa yake ni chuma cha pua, kwamba ni nzito mno, na kwamba mabawa yale mapana yalikuwa ya kuubeba uzito huo. Yaliyodhaniwa kuwa nguvu yalikuwa mzigo. Mabwana hao walikuwa na mishahara, ofisi na picha ambazo hakuna mwundaji wa sanamu aliyepata kuziona, nao walikosea kama Aurora ilivyokosea.

Wakati huo huo, huko Burbank, California, katika idara ya siri ya kampuni ya Lockheed, yalikuwa yakitendeka mambo ambayo hakuna sanamu ya dukani ingeweza kuyakisia. Mwanafizikia Pyotr Ufimtsev alikuwa amechapisha Moscow mwaka 1962 kitabu juu ya namna mawimbi yanavyotawanyika yakigonga kingo za vitu. Hakikuwa siri. Jeshi la Anga la Marekani lilikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1971, na mtaalamu wa hesabu wa Lockheed, Denys Overholser, aliona ndani yake ufunguo wa kukadiria ni kiasi gani cha mawimbi ya rada kitakachorudi kutoka umbo fulani. Lakini kompyuta za miaka ile hazikuwa na nguvu ya kufanya hesabu hiyo juu ya umbo la mviringo. Ziliweza kuifanya juu ya nyuso bapa tu, moja baada ya moja. Basi ndege ikaundwa kwa nyuso bapa kama jiwe la almasi lililokatwa, kila uso ukiyatupa mawimbi kando, mbali na rada iliyoyatuma. Umbo hilo la ajabu lilitoka katika mpaka wa mashine ya kuhesabia. Mpaka wenyewe haukuandikwa katika gazeti lolote, wala haukuweza kupigwa picha kutoka mlimani.

Hata hapo kazi ilianza kwa sanamu. Ben Rich, aliyeiongoza idara hiyo, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1994 kwamba walipoiweka sanamu ya mbao juu ya nguzo mbele ya rada, mwendesha rada alidhani imeanguka, kwa kuwa hakuona kitu. Kisha rada ikaona. Walipotazama, walimkuta ndege mweusi, wa nyama na manyoya, ametua juu ya sanamu. Ndege ya majaribio, iliyoitwa Have Blue, iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Desemba 1977. Na ile iliyokuja kuitwa F-117 iliruka tarehe 18 Juni 1981 katika jangwa la Nevada. Kikosi chake kiliwekwa Tonopah, nacho kiliruka usiku tu. Mchana ndege zilifungiwa ndani ya mabanda.

Siri iliyoshikwa na maelfu ya watu huvuja harufu, ijapokuwa haivuji maji. Katika miaka ya kwanza ya 1980 magazeti ya Marekani yaliandika mara kwa mara kwamba iko ndege ya kivita isiyoonwa na rada. Watu waliona pia kwamba katika orodha ya ndege za kivita namba ilitoka 18 ikaenda 20. Namba 19 ilirukwa, na pengo likajazwa na mawazo. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa lililosemwa lilikuwapo kweli, ila halikuwa na jina walilolipa wala sura waliyoidhania.

John Andrews, mbunifu wa kampuni ya Testors, aliamua kuipa ndege hiyo mwili. Hakuwa na mchoro wala picha. Alikuwa na yale yaliyochapishwa hadharani, pamoja na akili yake. Alifahamu kwamba rada hupenda pembe mraba, mahali ambapo bawa hukutana na mwili au mkia husimama wima, kwa kuwa mawimbi huingia hapo yakarudishwa yalikotoka. Alifahamu pia kwamba Lockheed ilikuwa imejenga ndege ya SR-71, ambayo kingo zake zilitandazwa na mikia yake ikalazwa ndani kwa sababu hizo hizo. Kutokana na mambo haya alihitimisha kwamba ndege iliyofichwa lazima iwe laini, isiyo na pembe, yenye mgongo wa mviringo kama samaki taa alalaye juu ya mchanga. Sanduku lilitoka mwaka 1986 kwa kipimo cha 1:48, na jina lililoandikwa juu yake ni F-19. Liliuzwa kwa wingi mkubwa.

Mwaka ule ule kamati ndogo ya Bunge la Marekani, chini ya John Dingell, ilikuwa ikichunguza jinsi hati za siri zilivyopotea katika Lockheed. Mjumbe Ron Wyden wa Oregon aliishika sanamu ya Testors mbele ya wakuu wa kampuni, akalalamika kwamba kitu ambacho yeye, mwakilishi wa raia, hakuruhusiwa kukiona, kinauzwa dukani kwa kila apendaye. Lalamiko hilo lilikuwa na haki ndani yake na kosa ndani yake. Lilikuwa na haki, kwa kuwa fedha nyingi za raia zilitumika kwa kazi ambayo wawakilishi wengi wa raia hawakuonyeshwa. Lakini mjumbe aliichukua sanamu kama kwamba ni ushahidi wa uvujaji, na sanamu haikuwa na siri yoyote ya kuvujisha. Ilikuwa imejengwa kwa habari za magazeti. Wakuu wa Lockheed waliijua ndege halisi. Wangeweza kumwambia kwa neno moja kwamba kitu kilichomo mkononi mwake hakifanani na chao, na ndilo neno ambalo sheria iliwakataza kulitamka. Kwa namna hiyo kosa la mbunifu lilipata hadhi ya kweli katika ukumbi wa Bunge, likilindwa na wale wale waliojua kuwa ni kosa.

Tarehe 11 Julai 1986, usiku, ndege moja ya F-117 iligonga mlima karibu na Bakersfield, California. Rubani wake, Ross Mulhare, alikufa. Walinzi wenye silaha waliuzingira mlima, na anga ya juu yake ikafungwa. Serikali ilikiri kwamba mtu amekufa, lakini haikusema amekufia ndani ya nini. Mtu wa kawaida aliyetaka kuikadiria ndege ile hakuwa na sura nyingine ya kuitazama ila ile iliyokuwa katika duka la vitu vya watoto. Wako wanaosema kwamba historia ya sanamu ni historia ya burudani. Kwa miezi ile, walau, hoja hiyo haisimami.

Kutoka hapo F-19 iliota mizizi. Mwandishi Tom Clancy aliitia ndege ya jina hilo katika riwaya yake Red Storm Rising ya mwaka 1986, na kampuni ya MicroProse ilitoa mchezo wa kompyuta wa F-19 mwaka 1988. Kila mmoja alipomwona mwenzake ameitaja, imani yake iliongezeka, na mashahidi wakaonekana kuwa wengi, ijapokuwa wote walikuwa wamekunywa katika kisima kimoja. Hatari hii yajulikana vizuri kwa wanaosoma hati za kale, ambapo matoleo kumi ya habari moja huweza kuwa yamenakiliwa kutoka toleo moja lenye kosa.

Mwaka 1987 Testors ilitoa sanamu nyingine ya kubuni, safari hii ya ndege ya Kisovieti isiyoonwa na rada, iliyoitwa MiG-37. Ndege hiyo haikuwapo kabisa, wala haikupata kuwapo. Lakini mwili wake ulikuwa wa nyuso bapa zilizokutana kwa pembe kali. Kati ya sanamu mbili za kampuni moja, ile iliyodai kuionyesha ndege ya Marekani iliyokuwako kweli ilikosea umbo. Na ile ya Kirusi iliyokuwa uzushi mtupu ndiyo iliyokaribia kuifanana. Kama mtu angewauliza wakuu wa Lockheed ni ipi kati ya hizo mbili iliyowatia wasiwasi, hapana shaka wangenyamaza kwa zote mbili sawasawa.

Tarehe 10 Novemba 1988 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa picha moja, yenye ukungu, ya ndege iliyoitwa F-117A. Jina la F-19 likaanguka siku ile. Hata hivyo kweli haikuingia yote kwa mlango huo mmoja. Picha ilipigwa kwa pembe iliyoficha kiasi cha mabawa kulala nyuma, na wachoraji walioitegemea waliyachora yakiwa yamenyooka mno na mwili ukiwa mfupi. Sanamu zilizofanywa kwa haraka kutokana na picha ile zilirithi kosa hilo. Basi waundaji waliokwisha kulitupa kosa la kwanza walilipokea la pili kwa mikono miwili, na safari hii lilikuwa na muhuri wa Serikali. Picha zilizo wazi zaidi zilipatikana ndege ilipoanza kuruka mchana. Na tarehe 21 Aprili 1990 ilionyeshwa kwa watu katika kituo cha Nellis, Nevada, wakaizunguka na kuipiga picha kila upande.

Ndipo hesabu zilipoanza. Ndege halisi ina urefu wa mita 20.09, na upana wa mita 13.21 toka ncha ya bawa hata ncha; katika kipimo cha 1:72 hizo ni milimita 279 na 183 na nusu. Ukingo wa mbele wa bawa umelala nyuma kwa nyuzi 67.5. Matundu ya kuvutia hewa yamefunikwa kwa wavu wenye macho madogo kuliko wimbi la rada, na moshi hutoka nyuma kwa mwanya mpana uliobanwa kama mdomo wa bata. Mikia yake miwili imefunguka kwa nje kama herufi V, hali ile ya Have Blue ilikuwa imelala kwa ndani. Herufi F yenyewe ilipotosha, maana ndiyo herufi ya ndege za kupigana na ndege, na hii haikuchukua bunduki wala rada; ilichukua mabomu mawili tu, ikaenda usiku kuyaangusha.

Waundaji waligundua pia kwamba ustadi wao wa zamani uliwasaliti. Tangu mwanzo walikuwa wamejifunza kulainisha: kuziba ufa, kusugua, kuondoa ukingo mpaka uso uwe mmoja. Juu ya F-117 kila mpigo wa msasa uliozidi uliua pembe, na pembe ndiyo ndege. Aliyezoea kusugua kwa kidole alijifunza kuufunga msasa juu ya kipande cha mti kilichonyooka, akasugua uso mmoja kwa wakati, akakoma kabla ya kufika ukingoni. Mkono ulipaswa kusahau uzuri ambao Andrews aliuamini.

Ni haki kumtazama Andrews kwa jicho la usawa. Tarehe 22 Novemba 1988, siku kumi na mbili tu baada ya picha ile ya F-117, Northrop ilitoa hadharani ndege yake ya B-2. Nayo ilikuwa laini, ya mviringo, isiyo na pembe hata moja juu ya mgongo wake. Wahandisi wa Northrop walikuwa wameifuata njia ile ile ya fikira aliyoifuata mtu wa sanamu, wakiwa na hesabu zenye nguvu zaidi, na njia hiyo iliwafikisha. Ndege zilizofuata ziliacha nyuso bapa zikarudi kwenye mviringo. Kwa hiyo fikira ya Andrews juu ya rada ilikuwa njema. Lililomshinda ni kwamba wahandisi wa Burbank, katika miaka ile michache, walikuwa bado hawawezi kuuhesabu mviringo, naye hakuwa na njia ya kujua ni nini wasichokiweza. Mwenye kuandika historia hukutana na shida hiyo hiyo: hati humwonyesha mambo watu waliyoyafanya na sababu walizozitaja, lakini upungufu wa vyombo vyao haupati kuandikwa, kwa maana wao wenyewe waliuona kuwa ni hali ya dunia.

Tarehe 27 Machi 1999 kombora la Waserbia liliiangusha F-117 moja karibu na kijiji cha Budjanovci. Rubani aliokolewa. Vipande vyake vilichukuliwa na wenyeji na wanajeshi, na baadhi yake viliwekwa katika jumba la makumbusho ya anga la Belgrade, ambako mgeni huweza kukikaribia kifuniko cha chumba cha rubani na kuona kwa macho yake jinsi bawa lilivyojengwa kwa ndani. Ndege nyingine ya namna hiyo, miongoni mwa zile za majaribio, ilipelekwa mwaka 1991 katika makumbusho ya Jeshi la Anga huko Dayton, Ohio. Jeshi liliiondoa F-117 rasmi katika vikosi mwaka 2008. Tangu hapo waundaji wameipata asili imesimama chini ya taa, wala hakuna mlinzi wa kuwafukuza, na sanamu za kalibu mpya zimekaribia kweli kiasi kwamba msahihishaji hana kazi kubwa tena ila kuutengeneza wavu wa matundu ya hewa.

Sanduku la F-19 nalo bado hutafutwa na wakusanyaji. Wanaolinunua leo huviunganisha vipande vyake jinsi vilivyotoka kalibuni, wakaipaka sanamu rangi nyeusi na kuiweka rafuni kando ya F-117. Hawaikati pua yake wala kuligeuza bawa lake, kwa kuwa hakuna ndege popote pale ya kuipimia.